Viti vitatu vya watoto, gari moja: kisa cha familia ya Tabata

Mdogo wangu alinipigia simu saa tatu usiku, mtoto wake wa tatu akiwa na wiki tano. Mchana ule walikuwa wametoka kliniki na gari lao dogo, Toyota IST, shemeji akiendesha, wakubwa wawili wamefungwa kwenye viti vyao nyuma, yeye amekaa mbele na kichanga mapajani. Bodaboda akawakatiza, shemeji akakanyaga breki. Hakuna aliyeumia. "Kaka," akaniambia, "nilimshika kwa nguvu zangu zote na bado alinichomoka mpaka magotini. Siendi naye tena popote namna hii."

Nami namwelewa. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kila kilo iliyomo inavuta mbele kama kilo 14. Kichanga cha kilo 5 kinakuwa kilo 70, zaidi ya mfuko wa saruji. Hakuna mama anayeweza kudaka mfuko wa saruji uliorushwa. Na mahali alipokaa, mbele kabisa, ndipo pabaya kuliko pote, maana eabegi, ule mfuko wa hewa wa dashibodi, ikifyatuka inakuta mtoto yuko katikati.

Bibi wa watoto, mama yake shemeji, alikuwa amekuja kutoka Muheza kumlea mzazi. Siku niliyokwenda kuwaona alituangalia tukipima viti kwa futi ya fundi nguo, akasema, "Mwanangu, mimi nimelea saba, na hakuna hata mmoja niliyemfunga kamba." Nikamjibu, "Ni kweli mama, na tunamshukuru Mungu. Ila barabara ya Segera ya wakati ule haikuwa na malori haya." Akanyamaza. Hakukubali, lakini alinyamaza.

Tangu hapa nitatofautisha maneno mawili ili tusichanganyane: siti ni ya gari, kiti ni cha mtoto.

Hali ilikuwa hivi. Binti mkubwa ana miaka sita, anakalia busta, yaani kile kiti cha kumpandisha juu tu ili mkanda wa gari umpite begani badala ya shingoni. Wa kati ana miaka mitatu, kiti chake kina mikanda mitano yake mwenyewe. Kichanga anahitaji kiti kinachotazama nyuma, na atatazama hivyo kwa muda mrefu: kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, R129, inataka mtoto asigeuzwe mbele kabla hajafikisha miezi 15. Fedha waliyokuwa nayo ni akiba ya milioni 5.5, pamoja na IST yenyewe, namba D (usajili wa herufi D), ambayo mtu wa kazini kwa shemeji alikuwa tayari kuinunua kwa milioni 9.5. Jumla milioni 15. Nikawaambia gari lisizidi milioni 13, maana gari la mkononi halinunuliwi mara moja. Linanunuliwa kwa muuzaji, halafu linanunuliwa tena kwa fundi.

Kabla ya kukimbilia yadi tulianza na futi, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ni kubaki na gari ulilonalo. Siti ya nyuma ya IST, kutoka mlango mpaka mlango kwenye usawa wa kukalia, ilitupa sentimita 126. Kiti cha kichanga kina 44, cha wa kati 47, busta 42. Jumla 133. Tunapungukiwa na sentimita saba. Tungeweza kutafuta viti vyembamba, na kuna mabusta ya sentimita 38. Lakini hata vikiingia vyote, mkono wa kuchomeka mkanda wa busta utapita wapi? Binti wa miaka sita asiyeweza kujifunga mwenyewe ataacha kujifunga, na siku moja hakuna atakayegeuka kuangalia. Tena siti ya katikati ya IST ile ina mkanda wa kiunoni tu, na busta haifai kabisa kwenye mkanda wa kiunoni. Mtoto anahitaji mkanda unaomshika kifua, la sivyo mwili wa juu unakunjika mbele wote na tumbo ndilo linalobeba kishindo. Njia ya kubaki na IST ikafungwa hapo.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na shemeji naye alikuwa njiani kupotea. Alikuwa amekwishaongea na dalali wa Toyota Wish, gari la safu tatu za siti. "Wish ni kubwa," alisema. Ni ndefu, ndiyo. Upana je? Japani ina daraja la magari madogo ambalo mwisho wake ni urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na injini ya cc 2,000. Likizidi hapo, mwenye gari anahesabiwa daraja la juu. Kwa hiyo watengenezaji walibana karibu kila gari la familia chini ya mstari huo. IST ya toleo la kwanza ina upana wa mita 1.695. Wish ya kawaida, mita 1.695. Sienta, mita 1.695. Noah ya kawaida, mita 1.695. Ukipanda kutoka IST kwenda Noah unaongeza urefu, kimo, safu ya siti na matumizi ya mafuta, lakini begani kwa watoto huongezi cha maana. Ipsum ya toleo la pili ndiyo iliyovuka, mita 1.76, ila injini yake ni cc 2,400 na mdogo wangu anapiga foleni ya Tabata kwenda Mwenge kila siku ya kazi.

Kwa hiyo swali la kupanga viti vitatu kwenye safu moja tulilifuta. Likabaki swali la safu mbili: nani anakwenda safu ya tatu, na anafikaje huko wakati safu ya pili imeshafungwa viti? Hilo la pili ndilo zito. Safu ya tatu ya magari haya unaifikia kwa kukunja siti ya safu ya pili na kuisukuma mbele. Siti iliyofungwa kiti cha mtoto haikunjiki. Ukifunga viti viwili kulia na kushoto kwenye safu ya pili, umeuziba mlango wa safu ya tatu mwenyewe, na mtoto wa tatu itabidi apitishwe juu ya vichwa vya wenzake kama mzigo wa daladala.

Kuagiza Japani tulikujadili kwa jioni moja. Magari ya bei yao yamepita miaka kumi, na gari lililozidi umri huo linalipiwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, na VAT ya asilimia 18 inakuja kuhesabiwa juu ya mlima huo wote. Tukaingiza namba kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, tukakifunga. Wenzetu wa Kenya hawana hata mjadala huo, kwao gari lililozidi miaka minane haliingii.

Tukaanza kuzunguka, Jumamosi tatu mfululizo, na viti vya watoto ndani ya buti. Hili nalisisitiza kwa moyo wote: nenda na viti vyenyewe. Madalali walituangalia kama tumehama nyumba, lakini macho hayapimi, kiti ndicho kinachopima.

Wish tuliiona ya kwanza, ya 2005, cc 1,800, milioni 12. Safi. Lakini milango yake ya nyuma ni ya kufungua kwa nje kama ya gari lolote, na safu ya tatu iko chini, paa limeinama. Kiti cha wa kati kilipokaa kule, kichwa chake kilibakiza vidole vitatu kugusa paa. Mdogo wangu alijaribu kuinama kumfungia mikanda, akatoka na jasho. "Hapa nitamfungia siku ya kwanza tu," akasema. Sikutaka maneno zaidi ya hayo.

Noah ilikuwa na bei tamu, milioni 11.5, ya 2004, siti nane, milango ya kuvuta kama ya Hiace, nafasi ya kucheza mpira. Shemeji alishaanza kutabasamu. Tukaipeleka kwa fundi mmoja mzee, eneo la Gerezani, ambaye amefungua injini za Toyota tangu mimi niko sekondari. Alifungua boneti, akasoma maandishi kwenye kava la injini, akafunga. "Mwanangu, hii D4."

"Sawa, mzee, lakini mbona hujaiwasha?" shemeji akauliza.

"Inawaka vizuri sana. Leo."

Noah za umbo lile, kuanzia 2001 mpaka 2007, zinabeba injini ya cc 2,000 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu yake ya presha na nozeli zinataka mafuta masafi na mikono inayojua. Japani vyote viwili vipo. Hapa ukikutana na mafuta machafu mara mbili tatu, silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, gari linazimika kwenye mataa, na pampu si kitu cha kununua kwa hela ya mboga. Wapo wanaozitunza zikadumu, nawajua. Lakini familia yenye kichanga na ziada ndogo haina nafasi ya kubahatisha. Noah za umbo lililofuata, zilizoanza 2007, hazina D4, na ndizo ningewachagulia bila kusita, hasa zenye siti mbili zilizoachana kwenye safu ya pili, maana mtoto anapita katikati bila kukunja chochote. Bei tuliyoisikia ilianzia milioni 19. Tukaondoka.

Sienta tuliikuta Jumamosi ya tatu, kwenye yadi ndogo ya Kinondoni. Ya 2008, cc 1,500, namba D, wanataka milioni 12.8. Nilichokipenda kabla sijafungua mlango ni injini: 1NZ, ileile iliyomo kwenye IST za cc 1,500, Probox na Raum. Hakuna fundi wa mjini hapa asiyeijua, na spea zake zimejaa Kariakoo. Mlango wa nyuma wa kuvuta, sakafu iko chini, binti wa miaka sita aliingia mwenyewe bila kushikwa.

Ndani, siti zilivalishwa kava za ngozi bandia, zimeshonwa zikabana. Tukatafuta mahali pa kuchomekea mikanda safu ya pili, hamna. Muuzaji akasema, "Ipo, bosi, iko chini humo." Niliingiza mkono mpaka kiwiko kwenye mkunjo wa siti. Vyote vitatu vilikuwa vimezikwa chini ya kava, kimoja kimejaa makombo ya bisi na sarafu ya shilingi hamsini. Gari hili lilikuwa la familia, na kwa jinsi nilivyoona, hakuna mtoto aliyefungwa mkanda humo tangu litoke bandarini. Nikaomba kava ivuliwe. Muuzaji akagoma kidogo, kisha akaleta wembe.

Tulivuta kila mkanda mpaka mwisho wake. Mkanda ambao haujavutwa miaka mingi unaganda, au unatoka na haurudi. Wa safu ya tatu upande wa kulia ulitoka kwa shida, ukarudi kwa kusuasua, lakini ulipovutwa kwa ghafla ulikamata. Huo ni mzima, unataka kusafishwa. Kisha swichi: ukiwasha bila kuunguruma, taa ya eabegi kwenye dashibodi lazima iwake na izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata ili kuficha ajali. Hii iliwaka, ikazima. ISOFIX, vile vyuma viwili vilivyojificha kwenye mkunjo wa siti ambavyo kiti cha mtoto hung'ata bila mkanda, nilivitafuta kwa vidole kwenye safu ya pili pande zote mbili. Japani ilikuja kuvifanya lazima kwa magari mapya mwaka 2012, kwa hiyo kwenye gari la 2008 usiamini neno la mtu, gusa mwenyewe. Safu ya tatu tulijua haina, hapo ni mkanda tu.

Halafu tukaanza kupanga, na hapa mdogo wangu ndiye aliyeona nilichokuwa sijakiona. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ana kumweka mkubwa nyuma, kwa kuwa anajifunga mwenyewe. Nikafunga cha kichanga kushoto, cha wa kati kulia, na safu ya tatu ikawa imezibwa. Akanitazama nikihangaika, akasema, "Kaka, busta haifungwi. Si inakaa tu?"

Busta haifungwi. Unainyanyua kwa mkono mmoja. Kwa hiyo mahali pa busta ndipo mlango wa safu ya tatu. Mkubwa anakaa safu ya pili kulia. Wakati wa kupanda, busta inashushwa, siti ya kulia inakunjwa, mama anainama ndani kupitia mlango wa kuvuta, anamfunga wa kati safu ya tatu kulia, siti inarudi, busta inarudi, mkubwa anapanda na kujifunga. Nilipima kwa saa ya simu: dakika moja na sekunde kumi mara ya kwanza, chini ya dakika mara ya nne. Kiti cha wa kati kilikaa kitako chote juu ya mto wa siti bila kuning'inia, na nilipokitikisa kwa nguvu pale mkanda unapopita hakikusogea hata sentimita mbili na nusu.

Kuna kipengele kimoja cha Sienta ambacho mtu asipokijua atatukana. Siti za safu ya tatu hukunjwa zikaingia chini ya siti za safu ya pili. Tulitaka nusu ya kushoto ibaki imekunjwa ili kigari cha mtoto na manunuzi vipate buti. Lakini kuikunja kunahitaji siti ya kushoto ya safu ya pili inyanyuliwe, na hapo tayari tulikuwa tumekifunga cha kichanga. Ikabidi tufungue, tukunje, tufunge upya. Ni uamuzi unaoufanya kabla, si barabarani mvua ikinyesha.

Tungeilipia siku ile kama shemeji asingekuwa zamu. Kumsubiri kuliokoa jambo. Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva wa kila siku, alipendekeza kichanga kikae kulia nyuma yake, na mlango wa busta uwe kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo upande wa kulia ndiko magari yanakopita, na hakuna mzazi anayetaka kuinama mgongo wazi huko. Wazo zuri kabisa. Jumatatu jioni shemeji akaja. Ana futi sita na zaidi. Kiti kinachotazama nyuma kinakula nafasi ya siti ya mbele yake, na alipokaa kwenye usukani magoti yaligusa dashibodi kabla hajafika kwenye breki vizuri. Dereva asiyeweza kukanyaga breki ni hatari kwa wote watano. Kichanga kikarudi kushoto. Njia ikarudi kulia, pamoja na sharti walilojiwekea: wa kati hashushwi wala kupandishwa pembeni ya barabara kubwa. Shuleni wanaingia ndani ya geti. Mlinzi alikataa siku mbili za kwanza, ya tatu mdogo wangu akamfungulia mlango akamwonyesha, tangu hapo anafungua.

Tulifunga bei milioni 12 kamili, tukitoa hoja ya matairi yaliyokwisha na kava lililochanwa. Mzee wa Gerezani alipima kwa kompyuta, akakuta giaboksi ni ya CVT, ile isiyobadilisha gia kwa hatua, akasisitiza iwekwe oili yake ya CVT na siyo hydroliki ya kawaida. Oili zote na plagi zilikula 380,000. Matairi manne 520,000. Bima kubwa 430,000. Kubadilisha kadi na mizunguko yake 190,000. Kiti kipya cha kichanga 210,000, na hapa mdogo wangu alikataa katakata cha mtumba kutoka kwa jirani, akafanya vema: kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali kinaweza kisionyeshe ufa kwa nje. Jumla 13,730,000. Iliyobaki imekaa benki ikisubiri shokapu za nyuma, ambazo mzee alizipa miezi sita.

Kasoro ipo, tena inaniuma. Wa kati yuko mbali na mama. Akiangusha maji analia mpaka Buguruni, na hakuna mkono unaomfikia isipokuwa wa dada yake, anayejinyoosha kisha mkanda unamtoka begani. Ningekuwa na milioni saba za ziada ningewapa wanunue ile Noah yenye siti zilizoachana.

Mwezi wa 12 wakataka kwenda Muheza, na ndipo akajitokeza mtu wa sita, dada wa kazi. Mahali palipobaki ni katikati ya safu ya pili, mkanda wa kiunoni, amebanwa kati ya busta na kiti cha kichanga, safari nzima. Mdogo wangu akasema hapana, na yeye ni mtoto wa watu. Wakafungua kiti cha kichanga usiku wa kuamkia safari, wakaifungua nusu ya kushoto ya safu ya tatu, kiti cha wa kati kikahamia kushoto, na dada akapata siti ya kulia yenye mkanda wa begani, ubavuni kwa mtoto, chupa ya maji mkononi. Wa kati hakulia hata mara moja, alilala tangu Chalinze mpaka Segera.

Buti halikubaki hata la kuweka kandambili. Mabegi mawili na kigari cha mtoto vilipanda basi la Tanga asubuhi ya siku iliyotangulia, na bibi mwenyewe akaenda stendi ya Muheza kuvipokea.